Kiti cha Mrefu

Gari jeupe la Mkurugenzi lilipoingizwa gereji asubuhi ile, mafundi wote walijifanya wana shughuli. Kila mmoja alijua limetoka wapi. Bampa la mbele lilikuwa limebonyea upande wa kushoto, na kwenye matundu ya rejeta kilikuwa kimenasa kipande cha kitambaa cha maua ambacho polisi hawakukiona, au walikiona wakakiacha. Fundi alikichomoa kwa vidole viwili, akakosa pa kukiweka, mwishowe akakitia mfukoni.

"Kruzi, ile ya gari kushika mwendo lenyewe, inasumbua," Mkurugenzi alisema bila salamu. "Itazame. Mkaguzi wa magari wa polisi anakuja mchana, nataka akute gari zima."

Alisema kana kwamba hamjui anayeongea naye. Alimjua sana. Dereva wake, yule aliyewekwa mahabusu kwa kumgonga mama mmoja kule mteremkoni, alikuwa mdogo wake fundi, tumbo moja. Watu walimwita Mrefu.

Fundi alifungua mlango wa dereva. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa, kama Mrefu alivyokiweka siku zote ili magoti yasigonge usukani. Fundi mwenyewe ni mfupi. Alipokaa, miguu ilining'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Hakukisogeza. Mafuta ya nywele ya mdogo wake yalikuwa yakinukia humo bado, ungedhani ameshuka sasa hivi kununua maji na atarudi.

"Kaka, nilikanyaga," Mrefu alimwambia siku ile nyuma ya wavu wa mahabusu. "Nilisimama juu ya breki. Likawa linasukuma tu."

Fundi akajivuta ukingoni mwa kiti, akakanyaga breki, akatazama kioo. Ukuta wa gereji nyuma yake ulibaki wa kijivu. Taa nyekundu hazikuwaka. Akaunganisha mashine ya kupimia. Mguu wake uko chini mpaka mwisho, na mashine inasema pedali haijaguswa. Swichi ndogo ya pale juu ya pedali, inayowasha taa za nyuma na kuiambia kruzi iache kushika mwendo, ilikuwa imekufa. Akafungua magurudumu ya mbele. Diski zilikuwa za bluu kwa joto, pedi zimeungua mpaka chuma. Polisi walisema dereva alisinzia. Mtu aliyesinzia haunguzi breki namna ile.

Alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake. Alipogeuka, hapakuwa na mtu. Akaenda kumwita Mkurugenzi.

"Bosi, kruzi ilikuwa haiachii. Na Mrefu alikwambia."

"Aliniambia taa za nyuma haziwaki." Mkurugenzi alitabasamu. "Nikamwambia, wewe unakaa mbele, za nyuma za nini? Tulicheka sana siku ile. Na yeye alicheka, kamuulize."

Fundi alimjua mdogo wake. Angecheka, ndiyo, ili asifukuzwe.

"Sikiliza," Mkurugenzi aliendelea, sasa kwa upole. "Ni damu yako, naelewa. Lakini hawa wakubwa nawajua mimi. Nitengenezee gari, nami nitamsemea mdogo wako. Likikutwa bovu nitaanza kujitetea mwenyewe, hapo yeye nitamsemea saa ngapi?"

Mwenye gereji, aliyekuwa kando, akakohoa. "Fundi, fanya kazi."

Akafanya. Alijua ahadi ile imeoza, akaishika hivyo hivyo, maana nyumbani mama yao alikuwa akikaa mlangoni mchana kutwa na kuuliza kila anayeingia kama wamemwachia. Alifunga swichi mpya, pedi mpya, diski mpya. Alipokanyaga tena, ukuta mzima nyuma yake ukawa mwekundu.

Gereji ile ilikuwa na desturi: kifaa kibovu kikitolewa hutiwa kwenye mfuko na kurudishwa kwa mwenye gari, asije akasema hakikubadilishwa. Fundi alikuwa ameifuata miaka yote. Akafunga mfuko wa ile swichi mbovu kwa mafundo mawili, na mkono ulikuwa umeshautoa kabla kichwa hakijawaza. Mkurugenzi, ambaye siku zote huwaachia mafundi vyuma chakavu wakauze, safari hii aliupokea mwenyewe, akampa dereva wake mpya, na dereva akaondoka nao kwa gari jingine.

Mkaguzi alifika ameshiba. "Tukalijaribu mteremkoni. Wewe endesha. Lakini sogeza kiti, bwana, utaendeshaje umening'inia hivyo?"

Fundi alishika wenzo wa kiti. Kikasogea mbele, ka, ka, ka, kipimo cha mwisho cha mdogo wake kikapotea.

Mteremkoni aliwasha kruzi, akagusa breki. Mshale wa mwendo ukashuka kwa utii, na gari likasimama kando ya mchanga uliomwagwa kufunika damu.

"Linaachia," mkaguzi alisema. "Halina kasoro. Basi dereva alisinzia."

Fundi alitazama kiooni. Mkurugenzi, aliyekaa kiti cha nyuma, alikuwa kwenye simu yake. Akamsubiri amsemee Mrefu kama alivyoahidi. Hakusema.

"Swichi ilikuwa mbovu, afande. Nimeibadilisha leo."

"Hiyo mbovu iko wapi?"

"Nimempa yeye."

Mkurugenzi aliinua uso, akautia huruma. "Dereva ni mdogo wake, afande. Mwelewe tu. Ni uchungu."

"Ahaa," mkaguzi alisema. "Pole sana, fundi. Haya, turudi."

Gari halikuondoka.

"Fundi, ondoa mguu."

Alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, makalio yameacha kiti, amesimama juu yake. Nyuma magari yalianza kupiga honi.