Ukingo Uliokatwa Siku ya Mizabibu

Jua la Februari liliingia kwa ubavu chumbani mwa Daktari Lyuben Karadzhov, huko Plovdiv, likaonyesha kila chembe ya vumbi juu ya meza, juu ya miwani, juu ya faili la Zdravka, mgonjwa wake. Faili hilo alilijua hata bila kulifungua.

Ungeshoneka. Miaka mitatu neno hili linamfuata sokoni, linamfuata kanisani, linakaa naye mezani. Ungeshoneka ule ukingo, Lyuben, nawe ulijua.

Ni ukingo mwembamba wa gegedu, ule mfupa laini, unazunguka kikombe cha nyonga na kukikumbatia kichwa cha mfupa. Wa Zdravka, mwalimu wa ngoma, ulichanika kwa kucheza. Siku ya upasuaji daktari aliuona kwa kamera: umebanduka tu, haujasagika, unangoja uzi. Na uzi ulikuwepo! Vijipini vya kuufunga kwenye mfupa vilikuwepo, kabatini, hatua nne tu. Kushona kungeongeza saa nzima.

Lakini siku ile ilikuwa ya Mtakatifu Trifon, siku ya kupogoa mizabibu. Marafiki wamekwisha fika shambani, nyama iko motoni, simu inaita na kuita. Basi akaukata ukingo, akautoa. Alasiri akasimama katikati ya mizabibu yake, makasi mkononi, akakata tena, wakamshangilia. Mzabibu ukikatwa huchipua. Ukingo ule hauchipui. Kwenye ripoti aliandika: haukuweza kushonwa. Lo, mtu mzima na shahada zake ukutani!

Leo Zdravka aliingia akichechemea, mkono ukutani.

"Daktari, usinikasirikie," alianza hata kabla ya kukaa. "Nimeiharibu kazi yako."

"Umeiharibu vipi?"

"Ulisema nipumzike miezi minne. Mimi na kichwa changu kigumu, wa tatu nikacheza harusini kwa binamu. Sasa mfupa unasaga mfupa, wanataka kuniwekea nyonga ya chuma. Mama kila siku ananiimbia: umejilemaza mwenyewe, usimsingizie mtu. Na ni kweli."

Aibu, jamani, haina sindano ya ganzi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Lyuben, mtamu, mwepesi: ndiyo, Bi Zdravka, uliharakisha. Neno moja tu, na mama yule angeendelea kuimba, na yeye angelala usingizi.

"Si wewe," alisema. "Ukingo ule ungeshoneka. Niliukata kwa sababu nilikuwa na haraka. Niliwahi mizabibu."

"Uliwahi nini?"

"Mizabibu. Kupogoa."

Alimwomba Mungu mwanamke yule apige kelele, atupe kiti, amtemee mate. Zdravka alimtazama tu, machozi yakamshuka bila kuyafuta.

"Miaka mitatu nimejichukia," alisema. "Chukua kalamu. Hayo uliyoyasema yaandike, kwa mkono wako, utie sahihi. Nataka kumsomea mama."

"Bi Zdravka, nikiandika, kazi yangu itakwisha."

"Yangu je?"

Akaandika. Alipofika kwenye neno mizabibu mkono ulikataa. Zdravka akavuta kiti karibu, akamtajia herufi moja moja, taratibu, mpaka akalimaliza.