Begi la Akimana

Unageuza uso tena. Ulikuwepo sokoni Kasulu Akimana alipolia, ukajifanya unachagua maharage. Mimi sisahau.

Akimana alirekodi kwaya ya kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kabla kambi haijafungwa na waimbaji hawajatawanyika. Marehemu mama yake ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Sauti yake ilibaki kwenye laptopu ya Akimana tu. Nilimsumbua Akimana mpaka akanunua diski ya nje na kunakili kila kitu. Kisha nikamwambia, "Sasa diski ikae dukani kwa rafiki yako Asmahani, mbali na laptopu."

"Kaka, wewe hujawahi kukimbia," akanijibu. "Kwetu cha maana kinakaa begi moja, mlangoni. Mambo yakichafuka unabeba, unatoka. Au nianze kuzunguka madukani naomba vitu vyangu?"

Nikabishana naye mpaka akaniita redio mbovu.

Wiki iliyopita, akiwa shambani, mwizi alivunja mlango, akalikuta begi limefungwa vizuri, akaondoka nalo. Laptopu na diski vikaenda pamoja. Siku ile sokoni, jirani yake Hashimu akasema, "Mwizi mwenyewe amefungashiwa, hata kutafuta hakutafuta." Watu wakacheka. Akimana alikuwa anajaribu kukumbuka mama yake alivyoanza ule wimbo wa Pasaka, na hakuweza.

Na wewe, diski yako imelala mfuko mmoja na laptopu. Inuka. Itoe, mpelekee dada yako kule Titye, leo hii, kabla hujakaa tena.