Membreni ya Onsongo

Onsongo, fundi wa nyumba kule Mosocho, alikuwa akijikuna sikio la kushoto kwa njiti ya kiberiti, ndama akampiga kumbo kwa nyuma. Njiti ikazama. Alisikia kitu kimepasuka ndani, damu ikamtoka kidogo, kisha ukaanza mvumo usiokoma.

Mhudumu wa zahanati alimulika sikio, akasema membreni imetoboka, akamwandikia dawa na kumtuma kwa daktari wa masikio mjini Kisii wiki iliyofuata. Foleni ilikuwa ndefu, na Onsongo hakuuliza kitu. Neno hilo alilijua. Membreni ni ile nailoni nyeusi ambayo mafundi hutandika kabla ya kumwaga zege, ili unyevu wa ardhi usipande sakafuni. Ikitoboka na zege limeshakauka, hakuna kiraka. Unavunja sakafu yote. Basi akaamini kwamba kichwa chake kitavunjwa.

Nyumbani aliificha hofu hiyo. Aliacha chakula nusu, akaamka usiku na kukaa kitandani akiwatazama watoto. Siku moja mkewe, Nyanchera, alimkuta akimpa jirani yao Obwocha vifaa vyake vya kazi, hata pima maji ya kusawazishia kuta. Akangoja Obwocha aondoke.

“Baba Sheila,” akasema, “fundi hagawi pima maji kama ana mpango wa kuishi. Una nini?”

Hapo ndipo alipomweleza yote. Nyanchera hakumcheka. Alimwambia wataenda Kisii pamoja, na siku ilipofika akavaa nguo ya kanisani.

Daktari aliitwa Natasha, mama wa makamo asiye na haraka. Aliingiza kamera ndogo sikioni, na kwenye skrini wakaona kitu cheupe, chembamba kama ngozi ya kitunguu, chenye kitundu pembeni. Onsongo akamuuliza atapasuliwa kichwa lini. Daktari akataka kujua nani alimwambia hivyo, na aliposikia habari za zege, akavuta kiti karibu.

“Membreni ni jina la kitu chochote chembamba kinachotenga upande huu na ule. Nailoni yako ni membreni kweli. Hiki nacho ni membreni, kwa Kiswahili ni utando. Lakini nailoni haina uhai, baba. Utando huu ni mwili wako. Unajiunga wenyewe, kama kidole kinavyopona ukijikata.”

“Kwa hivyo hakuna kuvunja?” Nyanchera akauliza.

“Hakuna. Maji yasiingie, wala njiti. Usipojiziba tutauwekea kiraka, na hiyo ni kazi ndogo.”

Onsongo alimshukuru daktari. Aliinamisha kichwa, mkewe akamshika bega mpaka akatulia. Walipotoka nje alisema ana njaa, wakaingia hoteli ya kwanza waliyoiona, akamaliza ugali wake na nusu ya ule wa Nyanchera.

Utando ulijiziba baada ya wiki kadhaa. Mvumo ulipungua polepole, hata hakujua ni siku gani ulikoma.