Chungu Mlangoni

Mwaka wa 1951 Bwana Harding alibomoa kibanda changu cha uji pale Lanet, kando ya barabara ya Nairobi. Alikuwa anajenga maduka, eti mji unakuja huku, na uchafu wangu utamfukuzia wateja.

Siku ya kufungua nilibeba chungu changu cha uji nikakipasua mlangoni pake, mbele ya vibarua wote wa mashamba, huku nikimlaani. Kwetu Wakikuyu, mahali palipovunjiwa chungu cha laana hapakanyagwi. Harding alicheka, akafagia vigae mwenyewe. Lakini watu walikuwa wameshaona.

Maduka yakakaa matupu msimu mzima wa mvua. Ndipo akaja kwangu, amevua kofia.

"Njoki, rudi uuze uji pale pale mlangoni. Wakikuona umeingia, wataingia."

"Uchafu huo, Bwana," nikamjibu, "utakufukuzia wateja."