Meli ya Makabati Sita

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, chaki mkononi, nikimalizia upande wa nne wa chumba cha meli kubwa, shangazi aliponigusa mgongoni kwa ncha ya kiatu.

"Sogea, fundi. Umelala kwenye bwawa la kuogelea."

"Hili si bwawa, shangazi. Hiki ni kitanda chako."

"Basi umelala kitandani kwangu, na hilo ndilo baya zaidi. Sogea."

Nikasogea. Mumewe, ambaye watu wote humwita Trela, alikuwa amesimama nje ya mstari wa chaki, mikono nyuma, akiukagua mchoro kama mtu anayekagua matairi.

Mimi ni seremala, na siamini karatasi. Nilipoanza kazi nilimtengenezea mwalimu mmoja kabati zuri lililokataa kupita mlangoni kwake. Tulikata miguu ya kabati, tukakata fremu ya mlango, mwisho tukakata na urafiki. Tangu siku hiyo kila kitu nakichora kwanza sakafuni kwa ukubwa wake halisi, halafu namwomba mwenye kazi asimame ndani, ageuke, ainame, ajifanye anavaa suruali. Karatasi haina viwiko. Shangazi anaijua tabia hiyo. Ndiyo maana alikuja kwangu na vijitabu viwili vya wakala wa safari, akanipa kazi ya kumchorea meli.

Binti yao, anayefanya kazi ng'ambo, alikuwa amewalipia safari ya siku saba baharini, matembezi tu, kula na kutazama maji. Aliwaachia jambo moja la kuamua, nalo ni meli gani. Kubwa ilikuwa na ghorofa kumi na nane na abiria elfu nne. Ndogo ilikuwa na ghorofa tano na abiria mia na sitini. Nauli zilikuwa karibu sawa. Jibu lilitakiwa kesho yake kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi wangepewa wengine.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mitano, na mdomo wake hauna pazia. Trela aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka arobaini, nyumbani akifika siku nne kwa mwezi. Alikuwa amestaafu miezi minane iliyopita. Hesabu ya shangazi ni hii: "Nimeolewa miaka arobaini na mmoja. Ukijumlisha siku alizolala kwangu mpaka anastaafu, ni miaka mitano na ushee. Kwa hiyo sisi bado ni maharusi, ila magoti hayajaambiwa."

"Elfu nne ni wengi, Mkunga," alisema Trela. "Utapumua wapi?"

"Elfu nne ndio niliowazalisha. Wote nimewaona uchi. Hakuna wa kunitisha."

Trela alizunguka mchoro. "Kitu hiki kikitaka kugeuza kinahitaji nchi nzima. Na spea iko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye kijitabu zile boti za kuokolea watu, zilizopangwa ubavuni kama vidonge.

"Hizo si spea," alisema. "Hizo ni za kukimbia ajali. Mimi nachukua ndogo."

Akatoka nje kuvuta hewa. Shangazi akashika ncha ya futi ya kupimia niliyokuwa nimeiacha, ingawa sikuwa nimemwomba, akaivuta mpaka tukawa karibu.

"Mwanangu, mimi nataka kubwa," alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo kwake ni kama nguo ya kuazima. "Kwenye kubwa mtu anaweza kumpoteza mumewe asubuhi akamwokota wakati wa kulala. Ile ndogo ni meza moja, sura zile zile, mlango kwa mlango. Siku ya pili nikigundua kwamba sina la kuzungumza na huyu mtu, nitakwenda wapi? Majini?"

"Nyumbani mnazungumza, shangazi."

"Nyumbani nina kuku, nina majirani, nina wewe. Yeye anakaa kwenye kiti cha dirishani anasema mm. Namuuliza habari za njiani, mm. Ninachoogopa si siku saba. Ninachoogopa ni kurudi naye nyumbani nikiwa nimeshajua."

Nikaokota chaki. Sikuwa nimeona bado, na kwenye kazi yangu ukisema kabla ya kupima, mbao hukuumbua.

Nikaanza kuchora chumba cha meli ndogo pembeni, kwenye kona ya karakana. Maandishi ya vipimo kwenye kijitabu chake yalikuwa madogo kama miguu ya sisimizi. Nilisoma upana wa mita mbili na sentimita thelathini, urefu wa mita tatu na nusu, nikapiga mistari. Shangazi akaingia, akasimama katikati, akatikisa kichwa.

"Chaki hainibani. Naona mpaka barabarani."

Nilikuwa na makabati kumi na mawili ya hosteli ya wauguzi, yamekamilika, yanasubiri gari. Nikachukua sita. Kona yenyewe ilikuwa na kuta mbili za tofali, kwa hiyo pande mbili zilizobaki nikazijaza makabati, migongo ndani. Kabati la sita ndilo lilikuwa mlango: nililitandikia blanketi kuukuu chini, likateleza. Ndani nikaweka mabenchi mawili kuwa vitanda. Trela akaitwa. Akaingia, akaketi, akapiga benchi kofi mara mbili.

"Kwenye lori nililala kwenye upana wa nusu ya hili," alisema. "Hapa ni hotelini."

Shangazi akaketi mbele yake. Magoti yao yaligusana. Akayatazama magoti hayo manne kama mtu aliyeletewa wageni bila taarifa.

"Funga," akaniambia.

"Nifunge kabisa?"

"Meli haina mlango wa kutokea kwenda sokoni. Funga."

Nikasukuma kabati, nikavuta blanketi kutoka chini ili likae sawasawa. Kisha nikaona kwamba sijachora choo na bafu, na nisingeweza kuvichora bila kusoma vipimo vyake. Nikawaambia kwa juu ya makabati kwamba nakwenda duka la vifaa vya ofisi kukuza ukurasa kwa mashine, robo saa tu.

"Nenda," alisema shangazi. "Nahodha gani anaaga abiria?"

Dukani umeme ulikuwa umekatika. Mwenye duka akasema unarudi sasa hivi. Ninamfahamu, ni mtu mkweli, na kweli umeme ulirudi, ila baada ya saa moja na dakika kumi. Kwa kuwa nimezoea kumaliza jambo nililolianza, niliketi nikasubiri. Katikati ya kusubiri ndipo nilipokumbuka kwamba kabati la mninga lililokaa sakafuni bila blanketi halisukumwi na mtu mwenye magoti mabaya, wala na mumewe mwenye mgongo wa dereva. Nilimpigia shangazi. Simu yake ililia ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa umening'inia kwenye meza yangu, nje ya makabati; aliyepokea alikuwa mteja aliyepita.

"Hapa hakuna mtu," mteja alisema. "Ila makabati yanagombana."

Nilipokabidhiwa karatasi nikaenda mbio. Karakana ilikuwa kimya, mteja ameshaondoka. Nikaweka mkono kwenye kabati la sita, na kabla sijaita nikasikia shangazi.

"Ukinyoosha mguu huo tena, nitaukata."

"Weka wako juu ya wangu."

"Magoti yangu yana heshima yake."

Nikasikia miguu ikipangwa upya, kisha shangazi akaita: "Trela."

"Mm."

"Usiniambie mm. Mm ni jibu la ng'ombe. Nakuuliza tena. Miaka arobaini ya barabara, huna hata kisa kimoja cha kunipa?"

Ilinipasa kuita. Mtu mwenye adabu angeita. Mimi nilibaki na mkono kwenye mbao.

"Nilishakusimulia," alisema Trela.

"Lini?"

"Njiani. Utingo akishalala, nilikuwa nakusimulia wewe. Nakuweka kiti cha pembeni. Daraja lililosombwa na maji, tukalala siku sita tukila mabiskuti tuliyobeba. Yule askari aliyening'ang'ania mpaka nikampa kuku. Tumbili aliyeingia dirishani akaketi. Vyote nilikusimulia. Nikifika nyumbani, najiona nimekwisha. Nikifungua mdomo, naona kama nakurudia."

Nilisikia benchi la shangazi likilia, kama mtu aliyesogea mbele.

"Na mimi nilikuwa najibu nini?" aliuliza.

"Ulikuwa unakubali."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Mara moja moja unacheka."

"Basi huyo hakuwa mimi, bwana. Umezunguka miaka arobaini na mwanamke mwingine, tena kwenye gari la kampuni."

Hapo Trela alicheka. Nilidhani ninakijua kicheko chake. Nilichokuwa nakijua kilikuwa kikohozi.

"Alikuwa mzuri?"

"Alikuwa mpole."

"Nilijua tu. Haya, lete huyo tumbili. Anza mwanzo, na mimi sikubali kitu chochote."

Akaanza. Haikuwa hadithi, ilikuwa kesi mahakamani. Tumbili aliingilia dirisha gani? La kushoto? Na wewe ulikuwa umeliacha wazi kwa nini, si ulisema kuna vumbi? Vumbi lilikuwa juzi yake. Basi sema juzi. Alikuwa dume au jike? Mkunga, nitajuaje? Nawe una macho ya nini? Trela akarudi nyuma, akarekebisha, akasonga mbele hatua mbili, akasimamishwa tena. Kwa mwendo ule tumbili asingefika popote, lakini sauti ya Trela ilikuwa inapanda, ikipata mikono, na mara moja nilisikia benchi likigongwa kwa kiganja kuonyesha jinsi mnyama alivyokamata usukani.

Ghafla akanyamaza. "Fundi yuko wapi?" aliuliza. "Kibofu changu hakina subira tena."

"Nipo," nilisema, nikaona haya. Nikarudisha blanketi chini ya kabati kwa kuliinamisha, nikavuta. Trela alinipita kwa mwendo ambao hakuna lori lililowahi kumpa.

Shangazi alitoka taratibu, akijipangusa unga wa mbao. Alinitazama usoni, na nikajua anajua nilikuwa nimesimama pale muda gani.

"Nifute ile kubwa?" nilimuuliza.

"Nani kakwambia ufute? Saa moja na nusu si siku saba. Mtu yeyote anaweza kuwa na kisa cha saa moja na nusu." Akaketi juu ya rundo la mbao. "Nipe hiyo karatasi."

Nilikuwa bado sijaitazama. Tukaitazama pamoja. Maandishi yalikuwa yamekuzwa mpaka yakawa kama ya bango, na upana wa chumba ulikuwa mita mbili na sentimita themanini.

Nikaisoma mara mbili, kisha nikapima kwa futi pale kwenye kona, kwa mazoea tu, maana nilishajua. "Nimekosea, shangazi. Nilisoma thelathini. Chumba chenyewe ni kipana zaidi, nusu mita nzima. Magoti yasingegusana."

"Kwa hiyo tumekaa kwenye kidogo kuliko kidogo."

"Ndiyo. Nisamehe. Nitasogeza makabati sasa hivi."

"Usisogeze." Alilisema haraka, halafu akatazama mlangoni kuona kama Trela anarudi. "Na usimwambie. Mtoto aliyepita njia nyembamba, pana hatailalamikia. Acha hivyo hivyo. Ila choo nakitaka. Huwezi kumhukumu mume kabla hujajua choo kiko wapi na mlango unafungukia upande gani. Kesho saa mbili asubuhi tunarudi na chai yetu. Utufungie mpaka saa tano. Huyo msichana wa ofisi ya wakala akipiga simu kabla ya hapo, mwambie tuko safarini."

"Na ikifika saa tano?"

"Ikifika saa tano nitakwambia ni ndogo au ni kubwa. Au utatukuta tumebaki mmoja."

Trela alirudi akifunga mkanda. "Tumeamua?"

"Tumeamua nini, na tumbili bado yuko kwenye gari?" Shangazi alinyoosha mkono ainuliwe. "Twende. Na usinisimulie njiani, nataka kukuona mdomo."

Walitoka. Mpaka kona ya barabara niliwasikia, yeye akisimulia na shangazi akimkataza, kisha akimuuliza halafu ikawaje.

Mhasibu wa hosteli ya wauguzi alipiga simu kuuliza makabati yake. Nilimwambia gundi haijakauka. Kisha nikapiga magoti ndani ya chumba cha meli ndogo, karatasi mbele yangu, nikaanza choo: sentimita tisini kwa mita moja na sentimita kumi, na mlango wa kufungukia ndani, hata sijaelewa aliyechora alikuwa anafikiria nini. Mlango mwembamba kiasi hicho sikuwa nao. Ilibidi nikate mmoja, na mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kufifia, mistari ya penseli sioni. Nilipasua mbao mbili, nikaziegemeza ukutani, bawaba nikaziweka ndani ya kopo mahali nitakapoziona asubuhi.