Ukuta Mfupi wa Bi. Verlene

Royce Tackett alikuwa na ulimi mkali, na ulimi huo ndio uliompa jina kwa miaka kumi na sita. Mchana alichanganya rangi za nyumba katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Garland, Texas. Akirudi kwake alikagua ramani. Si ramani za nchi. Ni zile ambazo wapenzi wa ule mchezo mkongwe wa kompyuta, wa bunduki na mashetani, hujitengenezea wenyewe, mapango na ngome na viwanda, kila mtu na wazimu wake, kisha huzitoa bure ili wenzao wazicheze. Royce alizicheza, akaziandikia uhakiki kwenye tovuti yake, akazipa alama kati ya kumi. Akikupa nane, wiki haiishi kabla watu mia tano hawajaipakua kazi yako. Akikupa mbili, hata mwenzi wako ndani ya nyumba haigusi.

Ile ya Verlene Stovall aliipa mbili.

"Nimeimaliza kwa dakika nne," aliandika, "na moja kati ya hizo nilikuwa nafungua soda. Tunapewa ua, ukuta mfupi, mlango wa kutokea, kwaheri. Nimewahi kupanga foleni ya choo yenye visa vingi kuliko hivi." Watu walicheka, wakainukuu kwa wiki nzima. Chini ya uhakiki, kama desturi yao inavyodai, aliambatanisha rekodi ya mchezo wake, ili mwenye shaka aone jinsi alivyocheza hatua kwa hatua. Hakuna aliyeifungua. Nani ana muda wa kutazama ramani ya alama mbili? Verlene mwenyewe alijibu kwa mstari mmoja tu, akamshukuru kwa muda wake.

Mambo yangeishia hapo kama si Agosti. Kila Agosti jamaa mmoja mnene, mcheshi, jina lake Hollis Grube, hukodi ukumbi wa wazima moto wa kujitolea, na wapenzi wa mchezo huo hutoka huko na huko wakiwa wamebeba kompyuta zao na zile skrini nzito za zamani zinazovunja mgongo. Hucheza mchana kutwa, hula nyama ya ng'ombe iliyookwa kwa moshi, hubishana kuhusu mambo ambayo mtu wa nje angedhani ni ugonjwa. Royce alipita katikati yao siku hiyo kama bwana harusi. Huyu amshike mkono, yule amkumbushe kijembe alichomwandikia nani mwaka gani. Tuseme ukweli, alikuwa akifurahia.

Ndipo Hollis akamshika bega na kumpeleka kwenye meza ya pembeni, alikoketi mwanamke wa miaka sitini na ushee, nywele fupi za mvi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Hollis akasema huyu ndiye Bi. Stovall, ameendesha basi la shule miaka ishirini na saba, na amejifunza kutengeneza ramani baada ya kustaafu, bila kufundishwa na mtu. Royce akatamani ardhi ipasuke. Ni rahisi kumchamba mtu ambaye ni jina tu kwenye skrini. Ni kazi nyingine kabisa kumkuta amekukunjulia uso na kukusogezea kiti.

Lakini mama wa watu hakuwa na kinyongo. Alimwambia huenda kweli ramani yake ni fupi, yeye si mtaalamu, na kwamba ile ya foleni ya choo ilimchekesha hata yeye, siku ya pili yake.

"Nina swali moja tu, mwanangu," alisema, "halafu nakuacha ukale nyama yako."

"Uliza tu, mama."

"Kule kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Ulikatisha katikati, au ulizunguka?"

Royce hakujua ukumbi wowote. Alikuwa ameona ua, ukuta, na mlango wa kutokea. Angesema hivyo tu, maneno manne matano, yangekwisha. Lakini Hollis alikuwa amesimama pale pale akimtazama, na kwa miaka kumi na sita hakuna aliyewahi kumshika Royce Tackett hajui kilichomo ndani ya ramani aliyoihukumu.

"Nilizunguka," alisema.

"Mzunguko mzima?"

"Mzima."

"Basi uliona."

"Niliona, mama. Pamependeza."

Bi. Verlene aliishika miwani yake shingoni, akaifuta kwa upindo wa blauzi ingawa haikuwa na uchafu. "Basi sawa," alisema. "Nilikuwa najiuliza tu. Kama uliona, basi sawa." Alifunga vitu vyake na kuondoka kabla hata pai haijakatwa, na Hollis akasema labda ni uchovu wa umri. Royce alikula nyama yake. Haikuwa na ladha.

Jumapili asubuhi alijikuta mbele ya kompyuta kabla hajanywa hata kahawa. Safari hii alianza na barua. Kila ramani husafiri na barua yake, faili fupi la maandishi ambamo mtengenezaji hutaja jina lake, miezi aliyotumia, na namna anavyotaka kazi yake ichezwe. Royce alikuwa ameacha kuzisoma miaka mingi. Alijiona ameshavuka kiwango hicho. Hii ilikuwa na mistari sita. Bi. Verlene alikuwa ameweka hata namba ya simu ya nyumbani kwake, jambo ambalo hakuna mtu wa mchezo ule anayelifanya. Mstari wa tatu ulisema: Tafadhali zima kuruka. Ramani hii ni ya mtu anayetembea.

Hapo akakumbuka.

Wiki ile alipoicheza ramani hiyo alikuwa akikagua toleo jipya la mchezo lililotolewa kwa ajili ya konsoli, ile mashine ya michezo inayounganishwa na televisheni. Alilichambua bila huruma: picha imepauka, muziki unajikokota, vitufe vimepangwa na mtu asiye na vidole. Na Jumatatu ya wiki hiyo aliandika, kwa herufi nzito, kwamba wameongeza kitufe cha kuruka na wamekiacha kimewashwa. Kwamba mchezo wa asili hauna kuruka, kwa hiyo ukuta unaofika kiunoni ni kizuizi sawasawa na ukuta wa ghorofa tatu, na ramani za wapenzi zimejengwa juu ya imani hiyo. Atakayesahau kukizima, aliandika, atajiharibia mwenyewe na asimlaumu mtu. Alhamisi akajilaza kwenye kochi na konsoli ile ile, akafungua ramani ya Bi. Verlene, akafika kwenye ukuta mfupi wa ua, akauruka. Upande wa pili palikuwa na mlango wa kutokea. Hakujiuliza hata mara moja.

Akaicheza upya, kwenye kompyuta, kwa miguu. Ilimchukua karibu saa mbili, na alikufa mara kumi na moja. Ukuta ule ulimrudisha nyuma, ukampeleka kwenye mtaa wa maduka yaliyofungwa, kwenye uwanja wa kuegesha magari uliojaa mashetani, ndani ya basi la shule lililolala ubavu. Kila ufunguo ulikuwa mahali ambapo mtu mwenye akili angeuweka. Ilikuwa kazi nzuri, na kadiri alivyozidi kuiona nzuri ndivyo alivyozidi kujichukia. Mwishowe akapata ufunguo wa manjano, akafungua mlango, akajikuta kwenye ukumbi mpana wa mbao zenye rangi ya asali, na reli ya kushikilia pembezoni. Hakukuwa na shetani hata mmoja.

Alikatisha katikati, na hakuna kilichotokea. Akarudi mlangoni, akazunguka.

Watengenezaji wa ramani hutandika sakafuni mistari isiyoonekana, na mguu ukiuvuka mmoja, kitu fulani huamka. Kwa kawaida ni mtego. Bi. Verlene alikuwa ameitandika minne. Robo ya mzunguko, taa kubwa zikafifia. Nusu, taa ndogo za rangi zikaanza kuzunguka darini. Robo ya tatu, ukaanza muziki wa polepole, wa ala moja, ule wa kuwafanya wapenzi washikane mikono. Mzunguko ulipotimia, kipande cha ukuta kikashuka taratibu, na nyuma yake kukawa na kibanda cha kukodishia viatu vya magurudumu: kaunta, rafu za viatu vilivyochorwa kimoja kimoja, kila kimoja na namba yake kisiginoni, na juu ya kaunta kofia ya mwanamume. Ukutani kibao kiliandikwa DELMER STOVALL, 1949–2016. TUNAFUNGA SAA NNE USIKU. Hapakuwa na cha kupiga wala cha kuchukua. Ni pa kusimama tu.

Royce alisimama, na kule kuruka ukuta kukawa jambo dogo. Kilichomjia sasa ni yale aliyoyasema mezani jana. Alimwambia yule mama kwamba alizunguka na kwamba aliona. Maana yake Bi. Verlene alirudi nyumbani akijua kuwa mtu mzima alisimama mbele ya kibanda cha marehemu mumewe, akakitazama, kisha akaandika habari za foleni ya choo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, peke yake chumbani, bila wa kumtazama.

Akaanza kuandika kuomba radhi. Andiko la kwanza liliilaumu kampuni na kitufe chake. Akakumbuka onyo lake mwenyewe la Jumatatu, akafuta. La pili lilikuwa zuri. Lilieleza jinsi mkaguzi mkuu alivyotumbukia kwenye shimo alilowaonyesha wengine kwa kidole, na lilichekesha kweli, na alijua wasomaji wangempenda zaidi kwa hilo. Hilo ndilo lililomkera. Habari za ile meza hazikuwamo kabisa. Hakuna aliyezijua isipokuwa yeye na mama yule, na hata mama yule alizijua nusu.

Alipokwenda kwenye ukurasa wa ramani ili aweke kiungo, akakuta hakuna kitu. Bi. Verlene alikuwa ameiondoa jana yake jioni. Watu tisa tu ndio walioipakua, na mmoja wao ni Royce.

Akaichukua namba ya simu kutoka kwenye barua, akapiga.

"Bi. Stovall, ni Royce Tackett. Sikuzunguka."

Kwenye simu ilisikika mashine ya kufulia ikizunguka.

"Ulisema ulizunguka."

"Nilidanganya, mama. Sikufika ukumbini kabisa. Niliruka ule ukuta wa uani. Uliponiuliza ndipo nikajua kuna ukumbi, na nikaona haya kusema sijui, mbele ya Hollis."

"Kwa hiyo hukumwona."

"Sikumwona. Nimemwona leo."

Bi. Verlene akamweleza, kwa sauti ya kawaida tu. Alisema jana baada ya kutoka alikaa ndani ya gari nje ya ukumbi wa wazima moto, akashindwa kuliwasha, yeye aliyebeba watoto wa watu miaka ishirini na saba kwenye barafu na mvua. Alikuwa akifikiri kwamba mtu alimwona Delmer na hakuona kitu. Alisema angeweza kuvumilia kuambiwa hajui kutengeneza ramani. Royce angependa atukanwe. Hakutukanwa.

"Ningekuambia hamna neno," alisema mwishowe, "lakini neno lipo."

"Najua, mama."

"Hiyo ya kuruka waandikie wenzako. Watacheka, itakwisha. Na hii nyingine, utaiandika?"

Royce alidhani kumwambia yeye ndio mwisho wa safari. Mbele yake kwenye skrini lilikuwepo andiko la pili, zuri, la kuchekesha, limekamilika mpaka nukta.

"Nitaiandika," alisema.

"Haya, andika. Halafu nitaona kama nairudisha."

Aliiandika mpaka saa ya chakula cha mchana ikapita. Ilikuwa na mistari kumi, na hakuna mzaha hata mmoja. Alieleza ukuta, kisha akaeleza meza: swali aliloulizwa, majibu aliyoyatoa, yote, neno kwa neno. Alifuta alama mbili na hakuweka nyingine mahali pake. Waliojibu kwanza walicheka sana habari ya kuruka, wakamkumbusha onyo lake la Jumatatu. Kisha mmoja akawa amesoma mpaka mwisho, na vicheko vikakatika. Hollis aliandika kwamba alikuwa amesimama pale pale na hakung'amua lolote. Mwingine, mtu ambaye Royce alimheshimu, alisema kuanzia leo hawezi kusoma uhakiki wake bila kujiuliza kama ameicheza ramani yenyewe. Royce aliona jamaa ana haki.

Jumatano ramani ilirudi mahali pake. Royce aliiona kwenye simu akiwa kazini, kando ya mashine inayotikisa makopo ya rangi, na kabla ya kitu kingine akafungua barua. Mistari sita ilikuwa imekuwa saba. Tafadhali zima kuruka. Ramani hii ni ya mtu anayetembea. Na chini yake, mpya: Kama hukuzunguka, sema tu hukuzunguka.

Mteja aliyesimama kaunta alikuwa akimuuliza kwa mara ya pili kama rangi yake iko tayari. Royce aliweka simu mfukoni na kusema bado, hajaichanganya, alikuwa amesahau.