Milamula Chini ya Mtoma

Joanitha alianza kumtilia shaka shemeji yake siku aliyomwona akigonga mti. Kumpokea alimpokea vizuri, hilo hakuna wa kumlaumu. Alimpikia ndizi na maharage, akamtandikia chumba cha mbele, akamuuliza habari za Uingereza kama mtu anayezitaka kweli. Lakini asubuhi yake, akiwa anachochea moto jikoni, alisikia ko, ko, ko nyuma ya nyumba. Alipochungulia alimkuta Avit ameegemea mtoma, sikio kwenye gome, mkononi ana nyundo ya mbao. Anagonga, anasikiliza, anahama kidogo, anagonga tena. Mtu mzima na akili zake.

"Unatafuta nini, shemeji?"

"Nasikiliza kama umeoza ndani. Mti uliooza unalia kama debe tupu."

"Na huu unaliaje?"

"Bado nausikiliza," alisema Avit, akaangalia pembeni.

Joanitha alirudi jikoni na maneno yake tumboni. Mtoma ule ulipandwa na babu wa mumewe, enzi za watu kuponda magome yake wapate nguo, na chini yake ndiko walikolala wanaume wa nyumba ile, wa mwisho wao akiwa mumewe, Aristides. Kibanja chenye makaburi ya ukoo hakiuzwi hivi hivi, na hilo peke yake ndilo lililompa usingizi tangu awe mjane. Alikuwa na mabinti tu, wote wameolewa mbali. Lwakatare, mdogo wa marehemu, mwenye nyumba yake nzuri Rwamishenye, alishasema siku ya kumaliza matanga, mbele za watu, kwamba mjane ana haki ya nyumba ila kahawa ni ya ukoo. Na kahawa nzuri yote ilikuwa upande wa makaburi. Ukiuondoa upande ule, Joanitha anabaki na jiko, choo na migomba ya kuhesabika.

Sasa Lwakatare huyohuyo ndiye aliyekwenda kumpokea Avit uwanja wa ndege Bukoba na kumleta moja kwa moja hadi Muleba. Ndiye aliyesema mti ni hatari, kwamba tawi limeshaanguka karibu na jiko wakati wa masika, na kwamba bahati nzuri mdogo wao wa mwisho anafanya kazi hiyohiyo kwa Wazungu. Tangu lini Lwakatare akakosa raha kwa ajili ya jiko la Joanitha?

Kazi ya Avit yenyewe ilikuwa ngumu kuielewa. Kabla hajaondoka nchini alikuwa akipanda miti ya mjini pekupeku, panga kiunoni, akikata matawi yaliyogusa nyaya za umeme huku mama yao akisali rozari chini. Huko Bristol, alieleza, mti haukatwi hovyo. Unakaguliwa kwanza, halmashauri inatoa kibali, halafu unavaa helmeti na mikanda, unaning'inia kwenye kamba na kupunguza tawi moja moja ili mti uendelee kuishi.

"Kwa hiyo wewe ni daktari wa miti," alisema Klaudia, jirani ambaye hajawahi kukosekana penye habari.

"Wa upasuaji kabisa, mama."

Klaudia alicheka mpaka akajishika mbavu. Walipobaki wawili, yeye na Joanitha, kicheko kikakatika.

"Mtu atoke Ulaya na nauli yote ile, aje kutibu mtoma?"

"Ndivyo anavyosema."

"Haya. Wakishautibu ukalala chini, wewe angalia nini kinajengwa hapo."

Basi Joanitha akaangalia. Avit akipima kwa hatua kutoka kwenye shina hadi jikoni, yeye anachambua maharage ambayo yameshachambuliwa. Avit akipiga picha makaburini, yeye anafagia papo hapo. Mara mbili alimpelekea chai akamkuta kwenye simu, na mara zote mbili Avit alisema "tutaongea, kaka" na kukata. Chai aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Adabu hiyo ndiyo iliyomtia Joanitha hofu zaidi.

Jumamosi alikwenda msibani kijiji cha jirani. Aliporudi mchana alipishana na gari la Lwakatare barabarani. Lwakatare alipiga honi, hakusimama. Joanitha akaongeza mwendo, na kabla hajafika alishausikia msumeno wa injini ukinguruma juu ya mtoma.

Hakuutazama mti. Alichokiona kilikuwa chini. Kutoka pembeni mwa jiko, kupita nyuma ya nyumba, hadi kwenye mibuni ya mwisho kule bondeni, ilikuwa imesimikwa milamula. Mirefu, imenyooka, kila mmoja na kishungi cha majani kichwani. Kwenye ile ya karibu na mti ilifungwa kamba. Makaburi na kahawa upande ule, yeye na jiko lake upande huu.

Mtoto wa Kihaya huujua mlamula kabla hajajua kusoma. Ndio mti unaosema changu kinaishia hapa, chako kinaanzia pale. Ukiuchomeka ukauacha, unashika mizizi, na ukishashika, atakayeung'oa ataitwa mwizi wa mpaka mbele ya wazee, akiwa mjane ndiyo usiseme. Joanitha alijua hilo, kwa hiyo hakuugusa hata mmoja. Alikunja kanga yake, akavuka kamba, akaenda kuketi juu ya kaburi la mumewe, chini kabisa ya tawi lililokuwa likikatwa.

Msumeno ukazima.

"Shemeji, toka hapo! Tawi liko nusu!"

"Limalizie."

Avit aliita tena, akabembeleza, mwishoni akalifunga tawi kwa kamba mbili na kushuka, jasho likimtiririka. Alisimama mbele yake na mikanda yake yote kama farasi wa mkokoteni.

"Hapa ni mahali pa kuangukia matawi," alisema. "Kule tunazungusha utepe, watu wasipite. Sikuwa na utepe, kaka akasema vijiti vipo tele kwenye ua wa nyuma. Ni vijiti vya kufungia kamba tu."

"Umezaliwa nyumba hii. Umewahi kuona mtu anachomeka mlamula kwa ajili ya kufungia kamba?"

Joanitha aliinuka, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto mtundu, akampeleka hadi kwenye mlamula wa kule bondeni. Akachutama na kufukua kidogo kwa kidole, bila kuutikisa mti wenyewe. Chini ya udongo mwekundu ikatoka samadi nyeusi, laini, iliyooza vizuri.

"Kijiti cha kufungia kamba kinatiwa samadi?"

"Hii alisimika kaka," alisema Avit. "Mimi nilikuwa juu."

"Na ukiwa juu unaona mbali. Tawi gani la mtoma linaweza kuanguka mpaka huku?"

Avit alivua helmeti, akakaa kwenye majani makavu ya migomba. Kwa muda alikuwa akiifungua na kuifunga kamba ya kidevuni.

"Niliona," alisema. "Niliona anapitiliza nikanyamaza. Ameniahidi pa kujenga, pale juu panapoonekana ziwa. Alitaka niuangushe mti wote, makaburi yajengewe sehemu moja pembeni. Mti wenyewe ni mzima, shemeji. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ni tawi la juu ya jiko tu ndilo bovu."

Joanitha alisikia hasira na ahueni kwa wakati mmoja, na hasira ikawahi mdomoni.

"Kamba yako ya kwanza ulifungwa na nani?"

Avit aliinamisha kichwa. Alikuwa hajaanza shule, anataka kupanda mtoma kama wakubwa, na Aristides alimfunga kiunoni kamba ya migomba, akaishikilia chini mchana kutwa asije akadondoka. Habari hiyo Avit mwenyewe aliwasimulia juzi mezani, akicheka.

"Mimi siwezi kuigusa hii miti," alisema Joanitha. "Wewe ni mtoto wa ukoo. Uking'oa umeng'oa chako."

Alimwacha pale akaenda jikoni. Hakumwamini. Alikaa na kisu na ndizi mikononi akisikiliza, na kwa kitambo kirefu hakusikia kitu. Kisha akasikia udongo ukikwanyuka, mlamula mmoja ukitupwa juu ya mwingine.

Jioni ileile alimwita Klaudia aje na jembe lake. Mashimo yalikuwa tayari na samadi imo, kilichobaki ni machipukizi ya migomba, na hayo kibanjani hayakosekani.

Jumatatu Lwakatare alifika na wazee wawili wa ukoo, amevaa koti. Alikuja kuwaonyesha mpaka uliowekwa na vijana wa ukoo wenyewe, kwa amani, bila ugomvi na mtu. Alipozunguka nyuma ya nyumba alisimama chini ya mtoma akitazama migomba midogo iliyojipanga hadi bondeni.

"Nani aliyeng'oa milamula hapa?" aliuliza, macho kwa Joanitha. "Wazee, mnaona wenyewe. Mwulizeni."

Juu ya mti, alikokuwa Avit tangu asubuhi, msumeno ulizima. Sasa atasema ni mimi, Joanitha aliwaza. Ahadi ya ziwa bado ipo, na yeye ni ndugu yake wa tumbo moja, mimi ni nani? Mzee mmoja alikohoa. Klaudia, aliyekuwa uani kwa bahati kama kawaida yake, aliacha kutafuna.

"Ni mimi, kaka," sauti ya Avit ilishuka taratibu. "Niliing'oa yote. Na usogee hapo uliposimama, nashusha tawi bovu."

Wazee walisogea kwanza. Lwakatare aliutazama mti, akawatazama wazee, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akajikuta amesimama mlangoni mwa choo.

"Karibuni ndani, waitu, wazee wetu," alisema Joanitha. Akamgeukia Lwakatare. "Na wewe, shemeji, samadi yako ilikuwa nzuri."

Kisha akaingia kuwaletea wazee kahawa ya kutafuna, kama desturi ya kukaribisha wageni. Aliichagua ile iliyotoka kwenye mibuni ya makaburini.